Plastiki ya Mabango Ndani ya Jicho la Shosho

Wiki mbili zilizopita shangazi alinipigia simu saa kumi na mbili asubuhi, na ukiona shangazi anapiga saa hiyo jua ni pesa au ni hospitali. Ilikuwa hospitali. Shosho alikuwa amepimwa kwenye kliniki ya macho iliyofika kanisani kwao Nyandarua, wakamwambia ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Akapewa tarehe ya upasuaji. Kila kitu kilikuwa sawa hadi nesi alipomweleza kwamba watatoa lenzi yake iliyoingia ukungu na kumwekea nyingine ya plastiki. Hapo Shosho akachukua kiondo chake akaenda nyumbani.

"Si wewe ndiye unashinda na hayo maplastiki?" shangazi akaniambia. "Kuja uongee naye."

Ni kweli. Niliacha chuo mwaka wa pili, kemia ya viwandani, karo ikakataa kabisa. Tangu hapo, wakati sitengenezi video, niko karakana moja karibu na River Road tukikata akriliki kwa mashine ya leza: mabango ya maduka, tuzo za shule, namba za milango, yale majina ya kuchomeka juu ya keki. Nimeshika hii kitu kila siku kwa miaka miwili. Lakini nilipoketi kusoma imetoka wapi, ndio nipate la kumwambia Shosho, nilikuta hadithi ambayo hakuna mwalimu aliwahi kunipa. Na wewe unayesoma hapa huenda unayo mwilini saa hii. Tutafika kwa kucha.

Tuanze Ujerumani. Mwaka wa 1901 kijana anaitwa Otto Röhm alimaliza tasnifu yake ya udaktari huko Tübingen. Ilihusu vitu vya mnato na vigumu vinavyopatikana asidi ya akriliki inapojiunga yenyewe kwa yenyewe kuwa minyororo mirefu. Hakuna aliyejua vitu hivyo vina kazi gani, na Röhm alihitaji kula. Kwa hivyo mwaka wa 1907 yeye na rafiki yake, naye pia anaitwa Otto, Otto Haas, wakafungua kampuni ya kuuza dawa ya kulainisha ngozi. Sasa sikia: wakati huo watengenezaji ngozi walikuwa wanalainisha ngozi kwa mavi ya mbwa. Si utani. Kulikuwa na watu kazi yao ni kuokota mavi ya mbwa barabarani na kuyauza viwandani. Röhm aligundua kwamba kinachofanya kazi mle ndani ni vimeng'enya, akavitoa kwenye kongosho za wanyama badala yake, na viwanda vikamshukuru sana. Pesa za hiyo dawa ndizo zilimwezesha kurudi kwa mapenzi yake ya zamani, zile akriliki.

Mwaka wa 1909 Haas akahamia Philadelphia, Marekani, kufungua tawi. Kumbuka hilo.

Karibu miaka ya 1930, maabara ya Röhm kule Darmstadt ilikuwa inatafuta kioo cha gari kisichomkata mtu kikivunjika. Wazo lilikuwa kumimina kimiminika cha methakrilati katikati ya vioo viwili kikauke na kuvishika pamoja. Lakini kilipokauka kilikataa kushika kioo. Kikabanduka kikiwa bamba zima, jepesi, linaonyesha ng'ambo kama maji safi. Kwa maana nyingine jaribio lilifeli, na kile kilichofeli kikawa ndio bidhaa. Jina Plexiglas lilisajiliwa mwaka wa 1933. Miaka hiyo hiyo wanakemia wa kampuni ya ICI huko Uingereza walifika mahali hapo hapo kwa njia yao na wakaiita Perspex, na DuPont wa Marekani wakaiita Lucite. Kwa hivyo fundi akikuambia "hii ni Perspex, ile ni akriliki tu," anakuuzia jina. Jina lake la kemia ni polimethili methakrilati. Nilifeli kulitamka mara tatu nikirekodi.

Ina nini ya ajabu? Inapitisha karibu asilimia 92 ya mwanga, kuliko kioo cha kawaida cha dirisha. Uzito wake ni kama nusu ya kioo. Ukiipasha moto kiasi cha nyuzi 150 inalegea kama chapati, unaikunja unavyotaka, ikipoa inabaki hivyo. Na jua haliigeuzi manjano upesi kama plastiki nyingine nyingi. Angalia bango la zamani la duka la dawa mtaani kwenu: rangi imepauka, stika zimebanduka, lakini akriliki yenyewe iko.

Sasa fikiria uko mwaka wa 1936 na unataka kujenga ndege ya vita. Unahitaji kitu chepesi, kinachopindika kufuata kichwa cha rubani, na anayekaa ndani aone kila upande. Ndiyo hiyo. Spitfire na Hurricane za Uingereza zilifunikwa kwa Perspex. Bomba za Marekani zilikuwa na pua za Plexiglas. Ndege za Hitler pia zilikuwa na Plexiglas, jina lile lile, kutoka kwa ile kampuni ya Darmstadt. Wale Otto wawili, marafiki walioanza na mavi ya mbwa, kila mmoja kampuni yake ilikuwa inawafunika marubani waliokuwa wanauana angani. Röhm mwenyewe hakuona mengi. Alikufa Septemba 1939, wiki mbili hivi baada ya vita kuanza.

Hapa ndipo tunaingia kwa jicho.

Tarehe 15 Agosti 1940, rubani Mwingereza anaitwa Gordon Cleaver alikuwa anarudi kutoka mapigano ndani ya Hurricane. (Kwenye video nyingi utaambiwa ni Spitfire. Ilikuwa Hurricane.) Hakuwa amevaa miwani yake ya kazi. Risasi zikapiga kifuniko cha juu, Perspex ikapasuka, na vipande vikamwingia usoni na machoni. Hakuwa anaona, lakini akaipindua ndege, akaruka na parachuti, akafika chini hai. Jicho la kulia lilipotea kabisa. La kushoto lilibaki na uwezo wa kuona, likiwa na vipande vya Perspex ndani yake.

Mmoja wa madaktari waliomwona ni Harold Ridley, daktari wa macho kule London. Kumbuka, kila daktari alikuwa amefundishwa kwamba kitu kigeni ndani ya jicho ni balaa: jicho linawaka, linavimba, mwishowe unalipoteza. Ridley akawa anamtazama Cleaver na marubani wengine wa aina yake, mwezi baada ya mwezi, na hakuna kinachotokea. Vile vipande vilikuwa vimekaa tu. Jicho liliwapokea kama wageni wasio na maneno. Kila mtu mwingine aliona jeraha. Huyu mzee akaandika akilini kile ambacho hakikutokea.

Na usifikiri alikuwa mtu wa London pekee. Mwaka wa 1941 jeshi lilimtuma Gold Coast, Ghana ya leo, na huko kaskazini, kijiji cha Funsi, akachunguza upofu wa mtoni, ule unaoletwa na minyoo wanaosambazwa na inzi weusi. Aliona vijiji ambako upofu ni sehemu ya kuzeeka. Mimi naamini hilo lilimwingia, ingawa hiyo ni imani yangu tu.

Sasa, mtoto wa jicho ulikuwa unatibiwa vipi wakati huo? Walitoa lenzi iliyoharibika, basi. Jicho linabaki bila lenzi, kama simu iliyong'olewa kioo cha kamera. Mgonjwa anapewa miwani mizito kama kitako cha chupa ya soda, vitu vyote vinaonekana vikubwa na vya pembeni vinapotea. Shosho anakumbuka mama mmoja wa kanisa lao wa miaka ya sabini aliyevaa hiyo miwani. Watoto walikuwa wanamkimbia.

Inasemekana siku moja mwanafunzi anaitwa Steve Parry alikuwa akimtazama Ridley akifanya upasuaji huo, akasema ni huruma kwamba hatuwezi kurudisha lenzi nyingine mahali pa ile iliyotolewa. Mwanafunzi! Mimi nimewahi kuambiwa darasani nikae chini kwa swali dogo kuliko hilo, lakini hayo tuyaache. Ridley alikuwa amelifikiria hilo kwa miaka. Akaenda kwa kampuni ya Rayner wamtengenezee lenzi, na ICI wakatoa Perspex safi zaidi, isiyobaki na kemikali za kiwandani. Tarehe 29 Novemba 1949, hospitali ya St Thomas', London, akamwekea mwanamke wa miaka 45. Hawakutangaza. Waliohusika waliombwa wanyamaze.

Mambo hayakuwa mazuri moja kwa moja, na hapa ndipo video nyingi zinadanganya. Lenzi ile ya kwanza ilikuwa na nguvu kupita kiasi, kwa hivyo mama wa watu akatoka akiona vitu vya karibu tu. Hesabu ikarekebishwa. Kwa wagonjwa wengine lenzi ilikuwa nzito, ikateleza kutoka mahali pake. Wengine walivimba jicho, na ikaja kujulikana kwamba dawa ya kuua vijidudu iliyotumiwa kusafishia lenzi ilihusika. Plastiki yenyewe haikuwa na kesi.

Lakini adui mkubwa hakuwa plastiki wala dawa. Walikuwa wazee wa kazi. Ridley alipopeleka wagonjwa wake kwenye kongamano la Oxford mwaka wa 1951, Sir Stewart Duke-Elder, jina kubwa kuliko yote katika tiba ya macho Uingereza, alikataa hata kuwatazama. Ridley alibeba hiyo aibu miaka mingi na baadaye alisema ilimletea msongo wa mawazo. Yeye na mwenzake Peter Choyce wakaanzisha chama mwaka wa 1966 kwa sababu vyama vingine havikuwataka. Marekani ilikuja kuidhinisha lenzi hizo rasmi mwaka wa 1981. Hesabu mwenyewe: kutoka 1949 hadi 1981. Watu wangapi walizeeka gizani katikati hapo, au nyuma ya zile chupa za soda? Kuna wakati mtu akiniambia "fuata waliokutangulia" nafikiria hiyo miaka 32.

Cleaver, yule rubani, aliishi kuona mwisho wa hadithi yake. Katika miaka ya 1980 lile jicho lake la kushoto liliota mtoto wa jicho, akawekewa lenzi ya plastiki. Ridley naye akafanyiwa upasuaji huo huo kwa macho yake mwenyewe, akapewa cheo cha Sir mwaka wa 2000, akafa mwaka uliofuata akiwa na miaka 94.

Jicho halikuwa mlango pekee wa kuingilia mwilini. Miaka ya 1930 madaktari wa meno walikuwa wanatengeneza meno ya bandia kwa mpira uliopikwa, wa rangi ya kutu, wa kuchukiza. Akriliki ilipokuja ikawa na rangi ya ufizi, na hadi leo ile sehemu ya waridi ya meno ya babu yako karibu kila mara ni akriliki. Baadaye, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, daktari John Charnley wa Uingereza akachukua unga na maji yale yale ya madaktari wa meno akatumia kushikilia nyonga za bandia kwenye mfupa. Inachanganywa pale pale chumba cha upasuaji, na katika dakika kumi hivi imekauka.

Na kucha? Zilitoka kwa daktari wa meno pia. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1950 Mmarekani mmoja, Fred Slack, alivunja ukucha kazini akautengeneza kwa akriliki ya meno. Sasa dada yangu, sikiza hapa maana ni muhimu. Kile kimiminika cha zamani, MMA, ndicho Wamarekani walianza kukiondoa kwenye kucha katika miaka ya 1970 baada ya watu kulalamika kuumia. Kiko chini sana kwa bei, ndiyo maana bado kinazunguka. Kinakauka kigumu kupita kiasi, asetoni haikitoi kirahisi, na ukijigonga mahali kucha yako ya asili ndiyo inang'oka kabla yake. Kuna kingine salama zaidi, EMA. Kama unalipa bei ya chini sana mahali fulani mjini na kucha zinakataa kutoka hata ukiloweka, uliza waonyeshe chupa. Ikiwa haina jina, simama uende.

Basi Jumamosi nikapanda matatu hadi Nyandarua na kipande cha akriliki mfukoni, safi, milimita tatu, kilichobaki kwa kazi ya bango. Nilimweleza Shosho haya yote kwa Kikuyu changu cha Nairobi, ambacho anakicheka. Mimi nimeitwa jina la babu, kwa hivyo ananiita mzee wangu.

"Mzee wangu," akasema, "umenisifia sana hiyo kitu kama mtu anauza ng'ombe. Ubaya wake ni nini?"

Swali la haki. Nikamwambia ubaya wake. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilifuta bango la mteja kwa spiriti, na kufikia jioni kingo zote zilikuwa na nyufa ndogo kama utando wa buibui. Akriliki iliyokatwa kwa leza inabeba mkazo pembeni, na spiriti inaifungua. Zile kinga za kaunta zilizowekwa kila mahali mwaka wa 2020, unakumbuka zilivyokuwa zinafutwa na sanitaiza asubuhi hadi jioni? Nyingi ziliharibika hivyo hivyo.

Nikamwambia inashika moto. Agosti 1973, kisiwa cha Isle of Man, kulikuwa na jumba kubwa la starehe linaitwa Summerland, lililofunguliwa miaka miwili tu kabla. Sehemu kubwa ya kuta na paa ilikuwa akriliki ili watu waone jua bila kunyeshewa. Moto ukaanzia kibanda kidogo nje, ukapanda. Watu 50 walikufa. Milango mingine ilikuwa imefungwa, kwa hivyo plastiki haikuwa na lawama peke yake, lakini iliwaka. Kila nikiingia klabu ya mjini iliyojaa akriliki yenye taa ukutani, mimi natafuta mlango wa pili kabla ya kutafuta meza.

Na nikamwambia inaweza kupasuka. Mwaka wa 2022 tangi kubwa la samaki la akriliki ndani ya hoteli kule Berlin lilipasuka alfajiri, lita milioni moja za maji zikatoka hadi barabarani.

Shosho akachukua kipande changu. Akakiinua kuelekea mlangoni, karibu na pua, maana hapo ndipo anaona. Kisha akachukua kisu cha viazi akakikwaruza.

"Inachubuka."

"Eeh. Inachubuka rahisi kuliko kioo."

"Na ikichubuka huko ndani?"

"Shosho, ndani ya jicho kuna kisu? Kuna moto? Kuna spiriti? Huko imefungiwa, hakuna kitu kinaigusa."

Akanyamaza. Nikamwambia pia habari ya bei, kwa sababu huyo ni Shosho na bei ni lazima. Kwa miaka mingi lenzi moja iligharimu zaidi ya dola 100, kwa hivyo hata baada ya wazee wa London kukubali, mtu wa Nyandarua hakuwa kwenye hesabu. Mwaka wa 1992 kiwanda cha Aurolab kikaanza kuzitengeneza Madurai, India, na mwaka wa 1994 kingine kikafunguliwa Asmara, Eritrea, kwa msaada wa wakfu wa daktari Fred Hollows wa Australia. Bei ikaanguka hadi takriban dola 10, na baadaye chini ya hapo. Lenzi za jicho, zinatengenezwa Asmara, na nchi ndiyo kwanza imetoka vitani! Alipenda hapo. Akanirudisha niseme tena.

"Na yule mwanamke wa kwanza, alipona?"

Ningeweza kusema ndiyo nikamaliza. Nikamwambia ukweli: lenzi yake ilikuwa na nguvu kupita kiasi, hakuona vizuri mbali, wakajifunza kupitia kwake. Siku hizi jicho linapimwa kwanza na mashine ndipo lenzi ichaguliwe.

Akaendelea kumenya viazi kwa muda, kwa kugusa, bila kuangalia. Halafu akasema wataanza na la kushoto, kwa sababu hilo halimsaidii tena hata wakiliharibu. La kulia litangoja aone kwanza.

Kipande changu amebaki nacho. Shangazi ameongea na watu wa hospitali na tarehe mpya ni Alhamisi hii. Nitashinda huko siku mbili, kwa hivyo wiki hii hakuna video.